LIKIZO SI ZAWADI: TUSIUZE SIKU 21 KWA JIONI MOJA YA JAHAZI

Ndugu wanachama, na wafanya kazi wote wa Nyeri, Karatina, Kiganjo, Naro Moru na Nanyuki,

Kuna karatasi inayozunguka katika miji yetu hii ya mlima, na sisi wa reli tumeombwa tuisome tuseme neno. Tumeisoma mara mbili. Neno letu ni hili: msitie sahihi.

Karatasi hiyo yatoka kwa tajiri mmoja wa hapa ambaye hatutamtaja jina, kwa kuwa wanaotuuliza bado wanakula kwake. Yawaalika wafanya kazi wake waende Mombasa siku tatu. Basi litalipwa, malazi yatalipwa, na jioni moja watapandishwa jahazi, wale samaki, wapigiwe muziki, wazungushwe majini mpaka taa za mji ziwake. Juu ya karatasi pana picha ya jahazi limetweka tanga. Chini kabisa, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa, imeandikwa kwamba kila atakayekwenda amekubali kuwa amekwisha pata likizo yake ya mwaka mzima.

Waliosoma picha wamefurahi. Waliosoma herufi ndogo wamekuja kwetu. Wengine wamekwisha tia sahihi, na wengine wanangojea mwisho wa mwezi. Basi na tuseme mambo haya wazi, ili mtu akitia sahihi awe amejua anachouza.

HESABU YA TAJIRI

Tuanze na hesabu, maana hesabu haina maneno matamu.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 28, yasema kwamba mfanya kazi akimaliza miezi 12 mfululizo anastahili likizo isiyopungua siku 21 za kazi, pamoja na mshahara wake kamili. Siku 21 za kazi, siyo siku 21 za kalenda zenye Jumapili ndani yake. Tajiri huyu anatoa siku tatu. Ondoa tatu katika 21, zimebaki 18. Siku hizo 18 mtu atakuwa kazini akibeba magunia, na mshahara atakaopata ni ule ule ambao angalipata akiwa amelala kwake.

Tuchukue mfano wa mtu anayepata shilingi 15,600 kwa mwezi wa siku 26 za kazi. Kwa siku moja ni shilingi 600. Mara 18 ni shilingi 10,800. Hiyo ndiyo kazi ambayo tajiri ameipata bila kuongeza hata senti, kutoka kwa mtu mmoja. Akiwa na watu 30 wa namna hiyo, ni shilingi 324,000. Kwa fedha hiyo anakodi basi, anakodi jahazi, analipa samaki, na tungependa kuona ni kiasi gani kinachobaki mfukoni mwake. Kisha siku ya kurudi atasimama mbele ya watu apigiwe makofi na kuitwa baba wa wafanya kazi.

Wale waliosoma katika shule za misheni wanamkumbuka Esau. Alirudi kutoka porini amechoka, akauza haki yake ya mzaliwa wa kwanza kwa chakula cha dengu. Dengu zilikuwa nzuri, hatukatai, na njaa yake ilikuwa ya kweli. Lakini kesho yake asubuhi njaa ilirudi, na haki haikurudi.

SHERIA YASEMAJE

Wengine wanasema: mtu akikubali mwenyewe kwa sahihi yake, chama kina neno gani?

Chama kina neno, na sheria ina neno kabla ya chama. Kifungu cha 3 cha sheria ile ile chasema kwamba masharti yaliyomo ni kiasi cha chini kabisa, na mapatano yoyote ya kumfanya mtu aache masharti hayo ni bure, hayana nguvu. Maana yake sahihi ya njaa haimfungi mtu. Walioweka sahihi wasikate tamaa. Karatasi ile haiwezi kuwanyang'anya siku zao, lakini itamsaidia tajiri kuwatisha, na mtu aliyetishwa hushindwa na jambo ambalo angalilishinda.

Tena kifungu cha 28 chakubali likizo igawanywe sehemu, ikiwa pande mbili zimepatana. Lakini sehemu mojawapo iwe angalau wiki mbili za kazi zisizokatwa, isipokuwa mapatano yawe yamesema vingine. Waliotunga sheria walijua kwamba mwili uliochoka kwa mwaka mzima haupumziki kwa siku tatu, na katika hizo mbili uko ndani ya basi. Hebu fikirini: toka Nyeri hadi Nairobi, toka Nairobi hadi Mombasa, halafu kurudi. Mtu atakuwa amepumzika saa ngapi?

Na msisahau kwamba kwetu likizo ina kazi yake. Ndiyo siku za kupeleka mtoto shule, kuona mzazi mgonjwa, kupalilia shamba, kurekebisha paa kabla ya mvua ya Aprili. Mke aliyebaki Othaya au Mukurwe-ini na watoto hapandi jahazi lile. Karatasi yasema mwaliko ni wa mfanya kazi peke yake. Kwa hiyo mtu anauza hata siku za jamaa yake.

"BAHARI SI YA WATU WA MLIMA"

Sasa tugeuke upande wa pili. Wako wazee katika chama wanaosema kwamba maneno haya yote ni upuzi, kwa kuwa mtu wa mlima hana haja na bahari, na kukodi mashua ni anasa ya wageni wenye kamera. Wasema mfanya kazi adai unga na kodi ya nyumba, basi.

Hatukubaliani nao hata kidogo. Tunapinga karatasi ya tajiri, hatuipingi bahari. Mto Tana unaanza katika milima yetu hii, Nyandarua na Kirinyaga, nao wafika Bahari ya Hindi karibu na Kipini. Maji yetu yanafika pwani kila siku. Kwa nini sisi tusifike?

Na mfanya kazi wa reli akumbuke jambo hili. Tangu 1948 mpaka 1969 reli na bandari za Afrika ya Mashariki zilikuwa shirika moja. Aliyefunga mabehewa Kiganjo na aliyefungua shehena Kilindini walikuwa watu wa nyumba moja. Shirika hilo hilo ndilo lililoendesha meli za Ziwa Victoria. Meli ya Victoria, iliyounganishwa Kisumu ikaanza kazi mwaka 1961, ilikuwa meli ya reli, na mabaharia wake walikuwa wa reli. Abiria walikuwa wakizunguka ziwa kwa starehe katika vyumba vizuri vya juu, na mfanya kazi aliijua meli hiyo kwa kupakia na kufagia. Tulizijenga njia za starehe kwa mikono yetu, tukaambiwa starehe si yetu. Leo tusiwasaidie walioyasema hayo kwa kuyasema wenyewe.

Kilichozuia mtu wa mlima asione bahari ni mshahara. Tazameni nauli. Treni ya Madaraka Express ilianza mwaka 2017. Januari 2024 nauli ya daraja la chini kutoka Nairobi hadi Mombasa iliongezwa kutoka shilingi 1,000 mpaka 1,500. Watoto wa miaka 3 hadi 11 ni nusu. Basi mtu na mkewe na watoto wawili, kwenda na kurudi, ni shilingi 9,000, na bado hawajala wala kulala. Agizo la mishahara la mwaka 2024 liliweka kiasi cha chini cha kibarua wa Nairobi na Mombasa kuwa shilingi 16,113 na senti 75 kwa mwezi, na kwa miji midogo kama yetu chini ya hapo. Atakayetuambia kwamba mfanya kazi hapendi bahari kwa sababu ya kabila lake, kwanza atuambie nauli hiyo itatoka wapi.

Hapa kwetu nako reli ilifika Nanyuki mwanzoni mwa miaka ya 1930. Ilipeleka mazao ya mlima pwani kwa miaka mingi, halafu kwa muda mrefu ikaachwa nyasi zikamea katikati ya vyuma. Mwaka 2020 njia ilitengenezwa, na Desemba mwaka huo treni ya abiria ikarudi. Tuliona watu wakisimama kando ya njia na watoto mabegani kutazama. Watu hao wanataka kusafiri. Wanachokosa ni siku na fedha, na vyote viwili ni madai ya chama.

NI NANI ANAYEENDESHA JAHAZI?

Kuna jambo ambalo picha ya karatasi haionyeshi. Jahazi haliendi kwa muziki. Lina nahodha, lina mabaharia, lina mpishi jikoni, lina kijana wa kushika kamba na mwingine wa kuosha vyombo usiku wageni wakiisha lala.

Majahazi mengine yanayozunguka Mlango wa Tudor na mbele ya Fort Jesus hapo zamani yalikuwa vyombo vya biashara. Majahazi kama hayo yalichukua boriti za Lamu na tende za Arabuni, yakienda na Kusi na kurudi na Kaskazi. Biashara hiyo ilipungua, vyombo vikatiwa meza na taa. Kadhalika huko Nyali, Bamburi na Shanzu, wenye mashua za chini ya kioo wanawachukua wageni kutazama samaki na matumbawe katika hifadhi ya bahari iliyowekwa mwaka 1986. Kazi yao inategemea maji na msimu. Maji yakijaa sana au Kusi ikichafua bahari, hakuna mgeni, na pasipo mgeni hakuna posho. Mwaka 2020, wakati wa korona, wageni walikatika kabisa, na wengi wa watu hao walirudi makwao bila kitu.

Sisi wa mlima tunaijua hali hiyo. Wenzetu wa hoteli za Nyeri na Nanyuki, na wapagazi wanaowapandisha wageni mlimani, wanaishi vivyo hivyo: leo mzigo, kesho kukaa kivulini. Mbeba mizigo wa Naro Moru na baharia wa Mombasa ni ndugu, ila mmoja hupanda na mwingine huelea.

Basi ulizeni: jahazi likikodiwa, fedha inakwenda wapi? Kwanza yuko dalali aliyemleta mgeni. Kisha yuko mwenye chombo, ambaye pengine hajui kukunja tanga. Nahodha na vijana wake hupata kinachobaki, na mara nyingi hulipwa kwa siku, bila karatasi ya kazi, bila likizo. Ndiyo ajabu ya mpango huu wa tajiri wetu: anawachukua watu walionyimwa likizo, anawaweka juu ya jahazi wahudumiwe na watu walionyimwa likizo, halafu anaiita likizo.

Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira chasema kwamba kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi mmoja hahesabiwi tena kibarua wa siku. Wenzetu wa mashua wengi hawajasikia. Na huko kwenye meli kubwa za watalii zinazotia nanga Kilindini, nyingi zina bendera za nchi ambazo mwenye meli hakai, ili akimbie sheria za kwao. Shirikisho la kimataifa la wafanya kazi wa uchukuzi, ITF, limepigana na bendera hizo za kukodi tangu mwaka 1948. Mkataba wa Kazi za Bahari wa mwaka 2006, ambao Kenya iliuridhia 2014, wataka baharia apate mapumziko yasiyopungua saa 10 katika kila saa 24. Hayo hayakuletwa na ukarimu wa wenye meli. Yaliletwa na mabaharia walioungana.

Na pwani yenyewe ina historia ambayo inatuhusu. Januari 1947 wafanya kazi wapatao 15,000 wa Mombasa, wa bandari, wa reli, wa hoteli na wa nyumbani, waliacha kazi siku 12 kwa ajili ya mishahara. Kiongozi wao aliyejulikana sana alikuwa Chege Kibachia, mtu wa Kiambu. Agosti mwaka huo alikamatwa na kupelekwa Kabarnet, akawekwa huko kwa miaka kama kumi. Mtu wa bara alisimama na watu wa pwani, na watu wa pwani wakasimama naye. Siyo vizuri leo watu wa bara waende Mombasa kula samaki bila kuuliza anayewapikia analipwa nini.

MAJI HAYANA UTANI

Tuseme pia habari ya usalama, maana karatasi imetaja chakula na muziki, haikutaja jaketi la kuokolea hata mara moja.

Tarehe 29 Aprili 1994 kivuko cha Mtongwe kilipinduka karibu na nchi kavu, pale pale Mombasa. Kilikuwa kimebeba watu kupita kiasi chake. Watu 272 walikufa, wengi wao ni wafanya kazi waliokuwa wakienda kazini. Septemba 2011 meli ya Spice Islander I ilizama kati ya Unguja na Pemba ikiwa imejaa watu kupita kiasi, wakafa mamia. Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara katika Ziwa Victoria, watu 228 wakafa. Katika habari zote tatu jambo moja lajirudia: watu walijazwa kuliko chombo kilivyoweza kubeba, na kila kichwa kilichoongezwa kilikuwa nauli mfukoni mwa mtu.

Mtu wa mlima hajui kuogelea. Mito yetu ni baridi na ina mawe, nani alijifunza humo? Kwa hiyo yeyote atakayepanda mashua, kwa fedha yake au ya mwingine, na afanye hivi:

1. Aulize chombo kina leseni ya kuchukua abiria na ni watu wangapi wameruhusiwa. Ahesabu vichwa mwenyewe.
2. Avae jaketi kabla chombo hakijaondoka, na watoto wavalishwe kwanza. Jaketi lililofungiwa sandukuni halimwokoi mtu.
3. Amsikilize nahodha juu ya upepo na maji. Nahodha akisema leo hatutoki, ashukuru. Asimlazimishe kwa fedha.
4. Apatane bei kabla ya kupanda: ni ya mtu mmoja au ya chombo kizima, ya saa ngapi, na chakula kimo au hakimo. Akiweza apatane na wenye kazi wenyewe, siyo dalali wa barabarani.
5. Akiona pombe mkononi mwa anayeshika usukani, ashuke.

TUFANYE NINI?

Tajiri atasema chama kimekuja kuharibu furaha ya watu. Sisi twasema furaha iongezwe. Akipenda kuwapeleka watu wake Mombasa kwa shukrani ya kazi nzuri, aongeze siku hizo juu ya 21. Hapo sisi wenyewe tutamsindikiza kwa nyimbo. Lakini asitoe mkono wa kulia akipokonya kwa mkono wa kushoto.

Kwa hiyo twapendekeza haya kwa mkutano wa tawi:

Kwanza, asiyetia sahihi asitie. Aliyetia aandike barua ya kuiondoa, abaki na nakala moja, ailete kwa katibu. Watu wakiandika mmoja mmoja watatishwa mmoja mmoja. Na waandike pamoja, siku moja.

Pili, katika mapatano yajayo ya mishahara, kila chama katika miji hii kidai posho ya safari ya likizo. Siku 21 bila nauli ni siku 21 za kukaa barazani.

Tatu, tuanzishe mfuko wa likizo. Watu 20 wakiweka shilingi 500 kila mwezi, kwa miezi 12 ni shilingi 120,000. Kwa fedha hiyo kikundi chaweza kupanga safari yake, kuchagua msimu ambao bahari imetulia, na kukodi mashua moja kwa moja kutoka kwa mabaharia bila dalali katikati. Wake na waume na watoto waende. Mfuko uwe na vitabu, na vitabu visomwe mbele ya watu kila miezi mitatu. Na mtu yeyote asikope kwa simu ili apande jahazi: jioni moja yaisha, na riba yabaki kukudai.

Nne, tuwaandikie wenzetu wa vyama vya bandari, mabaharia na mahoteli huko Mombasa, tuulize ni vyombo gani vinavyowalipa watu wake kwa haki. Mfuko wetu ukodi hivyo, na vingine tuvipite. Fedha ya wafanya kazi 20 ni ndogo. Fedha ya matawi yote ya reli toka Nanyuki hadi Kilindini siyo ndogo, na mwenye jahazi anajua kuhesabu kama tajiri wetu anavyojua.

Ndugu zetu mnaongojea mwisho wa mwezi na karatasi mfukoni, hatuwacheki. Mtu aliyefanya kazi miaka kumi bila kuona bahari ana haki ya kuitamani. Iendeeni, lakini mwende kwa siku zenu, pamoja na jamaa zenu, na mkirudi kazini muwe bado na haki yenu yote.

Karatasi zilizokwisha tiwa sahihi ziletwe kwa katibu wa tawi kabla ya mwisho wa mwezi. Asiyeweza kuandika atasaidiwa, na hatatozwa kitu.

Umoja ni nguvu.